Unyofu wa Mbao



Mwezi uliopita wajumbe wa Kamati ya Ujenzi ya mtaa wetu walinijia nyumbani, hapa Mbagala, na ombi moja. Kanisa lahitaji mabenchi mapya, maana ya zamani yameliwa na mchwa. Nao, wakijua ya kuwa nilifundisha kazi za mikono katika chuo cha ualimu mpaka nikastaafu, walitaka niwashauri juu ya mbao. Bei mbili zimekwisha kuletwa mbele yao. Ya kwanza ni ya mbao zenye stakabadhi na alama za serikali. Ya pili ni ndogo zaidi, imepungua karibu theluthi moja, na mwuzaji wake hana karatasi yo yote ya kuonyesha. Wajumbe waliniuliza swali la fundi: Je, mbao hizi za bei ndogo ni nzuri?

Niliwajibu kwamba nitasema katika gazeti letu. Sikuwa nakwepa. Nilitaka kwanza kuwasimulia habari za benchi langu mwenyewe la useremala, kwa sababu haifai mtu kuwashauri wenziwe juu ya jambo alilolikosea yeye, kabla hajalikiri.

Nilipostaafu mwaka 2020 nilikuwa na nia ya kufungua karakana ndogo uani kwangu, chini ya mwembe, ili vijana watatu wanne wa jirani, waliomaliza shule wakabaki wamekaa tu, wapate kujifunza kazi. Mimi ni mtoto wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa kijitabu chake chenye jina hilo, nilikuwa naanza darasa la kwanza, na tangu siku zile shamba na karakana vilikuwa sehemu ya masomo yetu. Jembe sikulipenda sana, lakini randa niliipenda tangu siku ya kwanza, nayo imenilisha mpaka uzeeni.

Sasa, kitu cha kwanza katika karakana ni benchi. Nimeona mafundi hodari, pale Keko na kwingineko, wakitengeneza makabati mazuri juu ya meza hafifu au vigogo viwili, na kazi hutoka kwa sababu mkono wao umezoea. Siwadharau hata kidogo. Lakini mwanafunzi bado hana mkono huo. Yeye ahitaji kitu kizito kisichotembea anaposukuma randa, chenye uso ulio sawa, ili kazi yake ikipinda ajue kwamba aliyekosea ni yeye, wala si meza. Katika karne ya 18 seremala mmoja Mfaransa, André Jacob Roubo, aliandika kitabu kikubwa juu ya useremala, na benchi alilolichora humo laigwa mpaka leo: ubao mmoja mnene juu, miguu minne minene, na ndimi za miguu zimepenya ndani ya ubao wa juu. Hapana siri nyingine. Ni uzito na unyofu, basi.

La kwangu nilikusudia liwe na urefu wa futi 6 na upana wa futi 2. Kimo chake mtu hapimi kwa futi, hupima kwa mwili wake: simama wima, shusha mikono, na pale kifundo cha mkono kinapofika ndipo uso wa benchi uwe. Kwa miguu nilitaka vipande vinne vya mkongo, inchi 4 kwa 4, maana mkongo ni mti mgumu, mchwa hawaupendi, na ukishakauka hauchezi ovyo.

Nikaenda kwa kijana mmoja auzaye mbao kando ya Barabara ya Kilwa. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikamwitikia. Akanionyesha mkongo mzuri sana, wenye bei ya kustaajabisha. Nikautazama kwenye vichwa vya mbao, pale ambapo nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu hugongwa kuonyesha ya kuwa mti umelipiwa. Hapakuwa na alama. Nikamwuliza hati yake ya kusafirishia. Akacheka kwa adabu, akasema, "Mwalimu, unanunua mbao au unanunua karatasi?"

Ndugu zangu, nilicheka pia. Nikalipa, nikapakia mbao kwenye mkokoteni, nikaenda zangu.

Mbao nilizipanga barazani, vijiti katikati ili hewa ipite, zikakaa miezi mitatu. Kisha nikaanza kazi, na siku nne nilifanya kazi kwa furaha. Randa ilipita, maranda yakaanguka mekundu miguuni pangu. Nilichonga ndimi kwa patasi. Nikapima kwa skwea, nikapima kwa pima maji. Nikaweka fito mbili zilizonyooka, moja kila upande, nikafumba jicho moja kutazama kama ubao umejipinda. Fito zikalala sambamba. Vyombo vyangu vyote vilishuhudia neno moja: miguu hii imenyooka.

Jioni ya siku ya nne, nikifagia maranda, niliwaza hivi. Hata kama alama ya nyundo ingalikuwapo, nami ningaliiondoa kwa msumeno na randa. Benchi likishakwisha, hakuna mtu duniani atakayejua kwa kulitazama kama mbao zake zililipiwa au ziliibwa. Vyombo vyangu vyapima jinsi ubao ulivyo sasa. Hakuna hata kimoja kipimacho ulikotoka. Katika lugha yetu neno ni moja: ubao hunyooka, na mtu huwa mnyofu. Neno ni moja, lakini kipimo si kimoja.

Basi swali lenyewe ndilo hili: Je, kitu chaweza kuitwa chema kwa jinsi kilivyo tu, au yatupasa kuuliza pia njia kilikopitia mpaka kutufikia?

Nilijitetea moyoni mwangu kwa muda mrefu, na nataka niwape utetezi wote, maana naamini kila mmoja wetu amewahi kuutumia.

Kwanza, nilisema kwamba mti ulikwisha kukatwa. Nisingeununua mimi, angeununua mwingine. Lakini hili halisimami. Fedha yangu haikulipia mti uliokwisha kuanguka. Ililipia utakaoangushwa kesho, kwani mwuzaji akiuza huagiza tena.

Pili, nilisema ni kidogo tu, miguu minne ya benchi. Hili nalo nililisikia miaka mingi darasani, kutoka kwa wanafunzi walionakili hesabu moja tu katika kumi. Kila lori lililojaa limejazwa na watu wenye shida ya miguu minne.

Tatu, nilisema hata hivyo sikuwa na hakika. Huenda mbao zile zilikuwa halali na karatasi zimepotea. Ni kweli, huenda. Lakini nilipojichunguza niliona kwamba kutojua kwangu hakukuwa bahati mbaya. Nilikununua. Bei ilipunguzwa karibu theluthi moja, na punguzo lile halikuwa kwa sababu ya ubovu wa mbao, maana hazikuwa na ubovu wo wote. Lilikuwa bei ya kunyamaza kwangu.

Nne, nilisema benchi hili ni kwa kazi njema, ni kwa vijana. Utetezi huu ndio ulionishika zaidi, na ndio nauogopa zaidi kwa ajili ya kanisa. Ikiwa kazi njema husafisha mbao, basi mbao mbaya kuliko zote zingestahili kuuzwa kwa mashule na makanisa. Tena, mwalimu hafundishi kwa maneno peke yake. Vijana wale wangesimama mbele ya benchi lile kila siku, na benchi lingewafundisha kabla sijafungua kinywa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao.

Tano, nilisema yule kijana mwuzaji ni maskini, naye ana watoto. Utetezi huu siwezi kuuondoa kwa mkono mwepesi. Ni maskini kweli, na siku nisiponunua kwake ni siku anayokosa. Siwezi kusema kwamba mimi mwenye pensheni, hata kama ni ndogo, nimetenda tendo kubwa kwa kumnyima riziki. Lakini katika kumhurumia huyu niliyemwona kwa macho, nilikuwa nimemsahau mwingine aliye mbali, ambaye naye nilipata kumwona.

Mwaka 2004 nilitumwa kukagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika kijiji kimoja kusini mwa mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa mwaka uliotangulia, 2003, na watu wa kusini walilifurahia, nao walikuwa na haki, kwani kabla ya hapo walitegemea kivuko, na safari ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya mateso. Lakini njia ikifunguka hupitisha kila kitu. Nilikaa nyuma ya darasa nikimsikiliza mwanachuo akifundisha kuzidisha. Watoto walikuwa wameketi sakafuni, madaftari juu ya mapaja. Lori lililobeba magogo likapita nje, vumbi likaingia madirishani, mwalimu akanyamaza mpaka likapita, kisha akaendelea. Katika fomu yangu niliandika: Sauti ya mwalimu inatosha. Habari ya lori sikuiandika. Hapakuwa na nafasi yake katika fomu.

Watoto wale waliokaa sakafuni ndio waliokuwa na haki juu ya miti iliyokuwa inapita. Baadaye mambo haya yaliandikwa na wataalamu. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya uvunaji wa miti kusini mwa Tanzania, ikaonyesha kwamba sehemu kubwa sana ya ushuru uliostahili kulipwa haikukusanywa, na kwamba wanavijiji waliambulia kidogo mno. Mwaka 2010 watafiti wengine walichapisha uchunguzi wao juu ya misitu inayouzunguka mji wetu huu wa Dar es Salaam. Waliona kwamba kati ya mwaka 1991 na 2005 ukataji wa miti ya thamani ulikuwa ukisogea mbali na mji kama wimbi, kwa kasi iliyofikia kilomita 9 kwa mwaka. Maana yake ni nyepesi: mbao zangu zimetoka mbali kwa sababu za karibu zimekwisha.

Yawezekana mtu akasema, Mwalimu, mti ni mti, nani ajali ulikotoka? Lakini sisi Waanglikana ndio wa mwisho kusema hivyo. Nendeni Unguja, katika Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, lililojengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Humo umo msalaba wa mbao. Mbao zake zatokana na mti ambao chini yake, kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka huo huo wa 1873, kabla Chuma na Susi na wenzao hawajaubeba mwili wake kwa miguu mpaka pwani. Wageni husimama mbele ya msalaba ule kwa kimya. Sijasikia hata mmoja aliyeuliza kama pembe zake ni za mraba. Wote huuliza mti ulikotoka, na wakiambiwa husogea karibu. Basi, ikiwa ulikotoka mti kwaweza kuutukuza msalaba, kwa nini ulikotoka mti kusiweze kulihukumu benchi? Hatuwezi kuukubali ushuhuda wa mbao pale unapotupendeza tu, na kuukataa unapotushtaki.

Sasa mtauliza nilifanya nini. Nilikuwa na miguu minne iliyokwisha kuchongwa. Kuirudisha sikuweza, kwani nani apokee mbao zenye matundu? Kuichoma moto nilikuona ni kosa la pili juu ya la kwanza, maana mti uliokua miaka mingi ungekuwa umekufa bure. Kuiuza kungekuwa kumsukumia mwingine mzigo wangu.

Niliiacha miguu. Lakini ubao wa juu nilikuwa bado sijaununua, na huo nilinunua mahali penye stakabadhi: mbao za msonobari, zilizovunwa katika shamba la serikali la Sao Hill, wilayani Mufindi, ambako miti hupandwa, hukatwa na kupandwa tena. Nilisimamisha mbao kumi na tatu za inchi 2 kwa 4 upande kwa upande, nikazipaka gundi, nikazibana kwa kamba na kabari, zikawa ubao mmoja mnene. Wapo waliosema msonobari ni laini mno kwa benchi. Mimi sioni hivyo. Ukiangusha kazi yako juu ya msonobari, linaloumia ni benchi, wala si kazi, na benchi lililoumia hupigwa randa likawa sawa tena.

Kwa hiyo benchi langu lina rangi mbili, miguu myekundu na uso mweupe. Kila kijana anayeanza kujifunza huuliza kwa nini, nami humwambia yote kama nilivyowaambia ninyi. Somo la kwanza katika karakana yangu si kushika randa. Ni habari ya miguu ile.

Nilihesabu pia tofauti ya bei niliyoiokoa siku ile. Kwa fedha hiyo, na kidogo cha kuongezea, tulinunua mbao halali, na kazi ya kwanza ya vijana ikawa madawati mawili. Tuliyapakia katika lori lililokuwa linarudi kusini tupu, yakaenda katika shule moja ya kijiji huko. Msidhani najisifu. Madawati mawili hayarudishi mkongo msituni, wala sijui kama kijiji kile ndicho kilichoibiwa. Deni lililipwa kwa asiyekuwa mdai, na mdai mwenyewe simjui. Wako watakaosema ilinipasa kwenda ofisi ya misitu nikajieleze. Pengine wasema kweli. Mpaka leo sijaenda, na jambo hili bado lanisumbua.

Narudi kwa Kamati yetu na mabenchi ya kanisa. Najua fedha ni chache, na najua kila shilingi imetoka katika mfuko wa mama mwuza vitumbua na kijana wa bodaboda. Hoja ya umaskini si hoja ya kudharauliwa. Lakini kuna jambo tunaloweza kufanya, nalo ni kuuliza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji uwezo wa kuwa na msitu wake wa hifadhi na kupata mapato yake. Katika wilaya ya Kilwa vipo vijiji vilivyofanya hivyo, na Kikole ni kimojawapo, ambacho mwaka 2009 msitu wake ulipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachotolewa kwa misitu inayotunzwa vizuri. Mti ukikatwa kwa njia hiyo, fedha huingia katika mfuko wa kijiji. Basi, si lazima tuchague kati ya kuwahurumia watu na kuitunza miti. Mara nyingi mnunuzi akiuliza karatasi, anayemsaidia ni mtoto yule aliyeketi sakafuni.

Ushauri wangu ni huu. Tununue zenye stakabadhi. Ikiwa fedha haitoshi mkongo wala mninga, tununue msonobari, tuupake dawa ya mchwa. Ikiwa bado haitoshi, tutengeneze mabenchi nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao, na katikati tukae mikekani. Baba zetu waliabudu wakiwa wamekaa mikekani, na sala zao zilifika. Mimi nina miaka sitini na mitano na magoti yangu yanalia, lakini nitakuwa wa kwanza kuleta mkeka wangu.

Tena tukumbuke habari za Sulemani alipojenga Hekalu. Maandiko hayakusahau kuandika kwamba mierezi ya Lebanoni ililipiwa kwa Mfalme Hiramu, ngano na mafuta, mwaka kwa mwaka. Lakini hayakuficha pia kwamba watu waliokwenda kuikata walitozwa kazi kwa nguvu, na baada ya Sulemani kufa, nira ile nzito ndiyo waliyoilalamikia watu mpaka ufalme ukagawanyika. Mti ulilipiwa, watu hawakulipwa. Jengo zuri halikuweza kufunika jambo hilo.

Wajumbe waliniuliza kama mbao zile za bei ndogo ni nzuri. Nilikwenda kuziona. Ni nzuri, zimekauka, zimenyooka, na fundi ye yote angezipenda. Hilo ndilo jibu la swali mlilouliza. Mimi nililiuliza swali hilo hilo kando ya Barabara ya Kilwa, nikapata jibu hilo hilo, na kila asubuhi nikifungua karakana naiona miguu yake minne.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu,
Mbagala.